Shangazi wa Kiwandani na Kikohozi cha Baba Yako

Uyole,
Mbeya.
6 Julai 2025

Mpendwa mjukuu wangu, mume wangu mdogo, Anord,

Ugonile. Umelalaje huko Makongolosi, umeamkaje? Kifua kinaendeleaje, kile kilichokuwa kinakubana ukimeza vumbi la mawe? Unakula? Usinijibu "nakula" kama mnavyojibu vijana. Nataka kujua unakula nini na nani anakupikia. Na lile blanketi nililokupa, kama umeliuza niambie tu, nisiendelee kulifikiria.

Sisi hapa tu wazima kwa neema ya Kyala. Baridi ya mwaka huu imekuja na meno. Asubuhi majani ya viazi yanakuwa meupe kama yamemwagiwa chumvi, na magoti yangu yananisema vibaya mpaka jua lipande. Yule mbuzi mweusi amezaa mapacha, wote majike. Kanisani wamepaka ukuta rangi ya bluu ambayo mimi siipendi, na nimewaambia.

Barua hii anaiandika Mercy, jirani yetu wa nyumba ya bati jekundu, anayefanya kazi kiwanda kimoja na mkeo. Mimi shule niliiona kwa nje tu, nikipita na mzigo wa ndizi kichwani. Mwenye mwandiko mzuri hapa nyumbani ni mkeo Ikupa, lakini yeye hawezi kuiandika hii, kwa sababu humu ndani nitalitaja jina la baba yako, na kwetu mwanamke halitaji jina la baba mkwe wake, si kwa mdomo, si kwa kalamu. Lishike hilo vizuri, maana habari yote ninayokuletea imesimama juu yake. Mercy nimemwapisha aandike ninachosema mimi, asinilainishie maneno.

Naituma kwa mkono wa Saulo, dereva wa fuso, kwa sababu namba zetu umezifunga. Ulipopigiwa kwa simu ya Mercy ukapokea, uliposikia sauti yangu ukakata. Sikukasirika. Hapana, nakudanganya, nilikasirika. Lakini hasira yangu unaijua, ni moto wa mabua, inawaka juu na haiivishi kitu.

Basi nisikuzungushe. Umeambiwa na watu wa Uyole walioko huko machimboni kwamba baba yako Sedekia anamsumbua mkeo kazini. Ukampigia Ikupa, ukamwuliza kama ni kweli, akanyamaza. Ukamwandikia ujumbe kwamba afungashe arudi kwao. Mimi nimemkatalia. Nimemwambia nyumba hii ni yangu, na anayeondoka hapa anaondoka nikiwa nimekufa. Yupo, analala chumba kile kile, sanduku lake nimelikalia.

Neno hilo ni uongo, Anord. Kaa chini sasa, nikueleze limezaliwa wapi na nani ameliua. Aliyeliua hana mikono.

Kiwanda cha maparachichi unakikumbuka, kile kilichojengwa njia ya kwenda mashamba ya utafiti, wenyewe makao yao makuu yako Iringa. Ikupa alikuwa meza ya tatu pamoja na Mercy, wanakata vikonyo, wanabandika alama, wanapanga matunda kwenye boksi. Baba yako alikuwa nje, kwenye mizani, anapokea mizigo ya wakulima. Yeye nje, mkwe wake ndani. Tulikuwa tumetulia.

Kisha mkaguzi wa ndani akaacha kazi, wakamwita baba yako wakampa cheo hicho. Cheo kizuri, koti jeupe, kalamu mfukoni. Lakini mkaguzi anatembea katikati ya meza. Anasimama nyuma ya mfanyakazi, anachukua tunda mkononi mwake, analigeuza. Sasa niambie wewe uliyelelewa kwenye jiko langu, Sedekia angewezaje kuchukua tunda mkononi mwa Ikupa?

Siku hizi wengi wameiacha heshima hiyo, najua, wanakaa kochi moja na wakwe wanatazama mpira. Siwasemi. Lakini ukoo wetu bado unaishika, na Ikupa kwao wanaishika zaidi yetu. Hamtazami usoni, hapiti mbele yake, hawakai chini ya paa moja. Wazee wetu wa Rungwe walijua ugumu wake, ndiyo maana vijana waliooa walijenga kijiji chao na wazazi wakabaki na chao. Kiwanda hakikujenga vijiji viwili. Kimetuweka wote chini ya bati moja.

Na wote wawili wakaona aibu kusema ofisini. Baba yako alifikiri watamwona mshamba, wamrudishe nje, cheo apewe mwingine. Ikupa alifikiri akisema ataonekana anamwondolea mzee riziki. Basi wakajitengenezea njia yao bila hata kuambiana, maana kuambiana pia hawawezi. Baba yako akifika mlangoni anakohoa. Ikupa akisikia kikohozi anaacha kisu, anatoka kwa mlango wa nyuma, anakaa kwenye kreti mpaka mzee apite. Mercy na wenzake wanasimama, wanajibana, wanafunika nafasi yake kwa miili yao, na kazi yake wanaifanya wao.

Wakaenda hivyo zamu kwa zamu. Wanawake wakachoka kubeba kazi ya mwenzao, lakini nani angelalamika? Kumsitiri mtu na mkwe wake ni wajibu. Hata Mercy hapa anatikisa kichwa kwamba asingelalamika.

Sasa ndipo anapoingia Shangazi.

Shangazi si mtu. Ni hiki mnachokiita akili mnemba. Kiwanda kilikuwa kinakimbiwa na watu, leo unamfundisha mtu kazi, kesho hayupo, na mabosi hawakujua wafanyakazi wana nini moyoni. Ukiwaita kwenye mkutano ukawauliza, wanasema kila kitu safi. Basi huko Iringa wakanunua huyu. Kila Ijumaa anawatumia wafanyakazi sauti kwenye simu, kwa Kiswahili, sauti ya mwanamke aliyetulia, anauliza wiki imekwendaje, nini kimekuchosha, nini kimekufurahisha. Asiye na simu ya kupangusa anaongea kwenye ile simu pana iliyofungwa karibu na geti. Unaongea unachotaka, jina lako halitajwi. Wafanyakazi wenyewe ndio waliompa jina la Shangazi, kwa sababu mambo usiyoweza kumwambia mama yako unamwambia shangazi.

Mercy anasema mwanzoni walimcheka. Walimwambia uongo makusudi, walimwimbia, kuna mmoja alimchumbia. Halafu akalalamika mtu kwamba maji ya kunawia ni ya baridi mno asubuhi, vidole vinakufa ganzi, na mwingine, na mwingine, na wiki chache mbele wakakuta maji ya moto. Hapo wakaanza kumwambia ukweli.

Lakini meza ya tatu hawakumwambia kitu. Na hapa mjukuu wangu ndipo mimi ninaposhika mdomo. Meza ya tatu walijibu "nzuri tu", "salama", "hamna shida". Shangazi akalisikia hilo "nzuri tu" akajua si nzuri. Aliona kwamba zamu ambazo mkaguzi Sedekia yupo, wanawake wa meza hiyo wanajibu kwa neno moja na sauti imechoka, na maboksi yao yanapungua. Zamu ambazo hayupo wanacheka, wanamsimulia mpaka habari za watoto. Hakuna aliyemwambia. Alikisikia kile ambacho hakikusemwa. Nimezaa watoto na nimezika watoto, nimekaa na wanawake wagomvi na wanawake wapole, na mimi mwenyewe nachukua muda kumjua mtu anayesema "nzuri tu" akiwa amebeba kitu.

Sasa sikiliza binadamu walivyoharibu. Shangazi akawaandikia wakubwa alichokiona. Bosi mmoja, simtaji, Mercy ana watoto wa kulea, akasoma mstari wa kwanza akaruka. Akasema huyu mzee anawasumbua wanawake. Akakumbuka amewahi kumwona Ikupa akikimbia kwa mlango wa nyuma mzee anapoingia, na wenzake wakisimama kama ukuta. Kila kitu kikajipanga kichwani mwake. Ndiyo tabia ya uongo, hujipanga vizuri kuliko ukweli.

Wakamwita Ikupa ofisini. Wakamwuliza, "Sedekia anakufanyia nini?" Mtoto wa watu ametajiwa jina la baba mkwe wake usoni, na wanaume, na juu ya jambo kama lile. Alijibu nini? Alipiga magoti, akajifunika khanga kichwa kizima, akalia. Wao wakaona ameshajibu.

Baba yako akaambiwa avue koti jeupe, akae nyumbani mpaka jambo liishe. Jioni ile ile sokoni Uyole walikuwa wanalijua. Kesho yake likapanda magari kuja huko kwenu Chunya.

Alikuja kwangu amekunjamana kama nguo iliyolaliwa. Akakaa kwenye jiko la uani, hakugusa chai. Akaniambia, "Mama, kumbe mimi nimezeeka vibaya hivi?" Nilikuwa sijui kilichotokea, na yeye hakuweza kulisema. Ikupa naye chumbani analia kimya. Niliyembana ni Mercy, nikamfuata mpaka kwake akiwa anasonga ugali, akanieleza yote mwiko ukiwa mkononi.

Asubuhi nikavaa gauni la kanisani, nikachukua fimbo, nikamwambia baba yako aongozane nami lakini abaki nje. Getini nikamkuta mlinzi, Adrian, mtoto wa yule fundi cherehani.

"Shikamoo bibi. Una miadi?"

"Marahaba. Nina mwana na mkwe."

"Hapa haingii mtu bila kitambulisho, bibi yangu."

"Kitambulisho changu ni hii sura. Baba yako nilimkata kitovu, nenda kamwulize kama sura hii anaijua."

Akacheka, akapiga simu ndani. Ningesimama pale mpaka usiku kama asingepiga, naye alilijua hilo.

Akatoka binti mmoja mdogo, amejitanda vizuri kichwani, jina lake Naima. Ni Mwislamu wa Iringa mjini, wazee wake ni wafanyabiashara waliopanda milima kutoka pwani zamani. Yeye ndiye ofisa wa wafanyakazi, ndiye anayemtunza huyo Shangazi. Akanisalimia kwa magoti kidogo, akanishika mkono, akanikalisha kwenye kiti cha ofisi chenye magurudumu ambacho nusura kiniangushe. Nikampenda pale pale, lakini sikumwonyesha.

Nikamwuliza, "Binti, kwenu Iringa mwanamke anakaa meza moja na baba mkwe wake?"

"Anakaa bibi. Tena anampakulia."

"Anamtazama?"

"Sasa atampakuliaje bila kumtazama? Atamwagia mchuzi magotini."

Nikacheka, Mungu anisamehe, siku ile sikuwa nimekuja kucheka. Nikamwambia, sisi tungemwagia. Nikamweleza yote, kama nilivyokueleza wewe, na ya Rungwe na ya vijiji viwili. Akasikiliza bila kunikata. Nilipomaliza nikamwambia kusikia si kuona, twende.

Tukasimama pembeni ya ukumbi wa meza. Nikamtuma Adrian amwambie baba yako aje mlangoni afanye anavyofanya siku zote. Ikupa alikuwa anapita na kreti. Baba yako akakohoa. Anord, mkeo aliliweka lile kreti chini bila kutikisa tunda hata moja, akapotea nyuma ya pazia la chumba cha baridi kama panya, na wanawake wa meza ya tatu wakawa wameshasimama. Baba yako akageuka, akatazama ukuta, akasubiri. Mtu mzima na mvi zake, anautazama ukuta ili mkwe wake apate nafasi ya kupita.

Naima akajishika mdomo. Akaniambia, "Bibi, hili nimeliona mara nyingi. Nilidhani ni hofu."

Nikamwambia ni hofu, lakini hofu ziko nyingi. Wewe ukiingia msikitini unavua viatu, je, unaliogopa zulia?

Macho yakamjaa maji. Akanirudisha ofisini, akafungua kompyuta, akanisomea kile alichokiandika Shangazi siku ya kwanza. Nilimwambia anisomee polepole, tena mara ya pili, na nimemwomba Mercy naye akamwombe Naima amsomee ili nisikukosee. Shangazi aliandika hivi. Kwamba uchovu wa meza ya tatu na uwepo wa mkaguzi vinakwenda pamoja. Kwamba vitu viwili kwenda pamoja haimaanishi kimoja kimeleta kingine. Kwamba yeye hajui sababu. Kwamba wanawake waulizwe kwa upole, na mwanamke mwenzao, mahali wanapojisikia huru, na asiadhibiwe mtu yeyote kwa maneno yake yeye.

Unaona? Mashine ilisema haijui. Mara ngapi umemsikia mtu mwenye akili akisema hajui? Yule bosi alisoma mstari wa kwanza, huo wa mwisho akauacha umelala.

Naima akaniuliza kama nataka kuongea naye. Nikasema nataka. Nikavuta kiti karibu, nikamsalimia. Akaniamkia, shikamoo. Nikajibu marahaba, nikaanza na yale yanayonihusu.

"Wewe mama yako nani?"

Akasema, "Sina mama, bibi. Mimi ni programu ya kompyuta, nimetengenezwa na watu."

"Na mkwe huna?"

"Sina. Ndiyo maana nilihitaji watu wanieleze jambo hili. Nashukuru umekuja."

Nikamwambia pole. Naima akacheka, lakini mimi sikuwa nafanya mzaha. Kitu kinachosikiliza watu wote hivyo na chenyewe hakina pa kurudi jioni, nilikionea huruma. Kisha nikamwuliza lililokuwa moyoni mwangu, kama maneno wanayomwambia wasichana anayapeleka kwa mabosi na majina yao. Akasema majina hayapeleki, na meza ikiwa na watu wachache mno kiasi kwamba mtu angeweza kutambulika, hasemi kitu kuhusu meza hiyo. Naima akanieleza kwa maneno yangu, kwamba ni kama maharage kwenye chungu, unaonja mchuzi lakini hujui umetoka kwenye punje ipi. Nikasema sawa, lakini nitakuwa namwangalia. Shangazi akasema ni vizuri nimwangalie. Hilo nalo lilinishangaza.

Halafu likaja kubwa kuliko yote. Naima alimweleza habari ya wakwe. Mimi nilifikiri atasema asante, yamekwisha. Yeye akauliza, "Je, kuna wengine kiwandani wenye jambo kama hili ambao hawajasema?"

Tukatazamana mimi na Naima. Wakwe kwenye lile bati wamejaa, Wanyakyusa, Wasafwa, Wandali, kila mtu na heshima yake, na sisi wawili wenye mama zetu hatukuwa tumewafikiria. Mimi nilimkumbuka Ikupa wangu tu. Yeye aliwakumbuka wote.

Ijumaa ile akawauliza wafanyakazi kwa adabu, kwamba kama yupo mtu ambaye kwa heshima ya kwao hawezi kufanya kazi karibu naye, aseme tu anataka zamu gani au sehemu gani, jina la mtu asilitaje wala sababu. Waliojibu Mercy anasema hata yeye hakuwategemea. Kuna kijana anaitwa Rabson, wa kupanga maboksi kwenye malori, kila mtu alimjua kwa kukonda. Mabosi walidhani anaumwa. Kumbe anayepakua chakula cha mchana ni mama mkwe wake. Mtoto wa kiume alikuwa anashinda na miwa tangu aoe. Sasa anakula zamu ya pili na ameanza kuota shingo.

Wakapanga upya zamu zote. Shangazi alipanga, Naima akakagua, wafanyakazi wakaulizwa kama wameridhika. Na watu wameacha kukimbia kazi, Anord. Nilifikiri wangeongezewa kitu kikubwa. Kumbe mtu ukimpa nafasi ya kubaki na heshima yake, anabaki.

Mimi nilikuwa msichana siku treni ya Wachina ilipopita mara ya kwanza, tukakimbilia migombani tukijua dunia imepasuka. Nimeona umeme ukiingia Uyole, nimeona simu, nimeona wewe ukiongea na mimi huku uso wako uko kwenye kioo. Vyote hivyo vilinishangaza macho. Hiki kimenishangaza ndani. Nikitembea siku hizi najikuta nimesimama njiani namfikiria. Mungu amempa binadamu akili kiasi gani, mpaka akili yenyewe imezaa nyingine, na hiyo nyingine ikajua kuuliza kabla ya kuhukumu. Mchungaji nilimwambia hivyo akasema nitulie. Sikutulia.

Kwa ajili ya baba yako waliitisha watu wote asubuhi, yule bosi akasimama akamwomba radhi mbele yao. Wakampa koti lake jeupe. Akalivaa mpaka lile kusanyiko lilipokwisha, akalikunja, akalirudisha, akaomba mizani yake. Alisema pale nje anasalimiana na wakulima na hakohoi. Ikupa sasa ndiye anayeongoza meza ya tatu. Kisu chake hakiachi tena katikati ya tunda.

Sasa narudi kwako, na Mercy hapa usilainishe.

Naima ana udhuru. Ni mtoto wa Iringa, wa watu wa pwani, angejuaje? Hata yule bosi nimemsamehe nusu. Wewe huna udhuru. Ulimwuliza mkeo kwa simu, "Baba anakufanyia nini?" Ulitegemea afungue mdomo amseme baba mkwe wake, hata kumtetea? Ulimtaka avunje heshima ili athibitishe kwamba ana heshima. Akanyamaza, kama alivyofundishwa na mama yake na kama nilivyomtaka mimi, na wewe ukakisoma kimya chake kama walivyokisoma wageni. Mashine isiyo na mama ilisema "sijui, ulizeni kwa upole". Wewe mwenye mama, na bibi, ulisema "rudi kwenu".

Nimemaliza kukupiga. Njoo sasa nikupanguse.

Najua ulikuwa peke yako, gizani, ndani ya shimo, na maneno kama hayo shimoni yanakuwa na mwangwi. Najua uliumia kwa sababu unawapenda wote wawili. Asiyependa haumii hivyo. Ikupa nilimwuliza anakuwazia nini, akaniambia, "Bibi, nilinyamaza kwa ajili ya baba yake, nitanyamaza na kwa ajili yake." Mwanamke wa namna hiyo ukimpoteza, mimi sitakutafutia mwingine, maana hayupo. Mfungulie namba. Usimweleze mengi. Mwulize amekula nini.

Shangazi yako Mwamvita wa Mwanjelwa anakusalimia, ameanza kuvaa miwani na anajiona profesa. Mzee Muhidini wa duka la mbolea anakusalimia, anasema ukirudi mkamalizie ule ubishi wenu wa mpira. Adrian wa getini naye, Mercy na watoto wake pia. Naima hajakuona lakini amesema nikusalimie, na mimi nimesema nitamtafutia mume Uyole hii hii, amekasirika kidogo. Saulo ukimpa jibu hatalifungua, nimemtisha.

Kyala akulinde ukishuka na akulinde ukipanda, mawe yakae mahali pake, na mkono wako utoke na kitu. Ndaga fijo kwa kunisoma mpaka hapa.

Nimebakiza moja, nalo ndilo kubwa. Baba yako anajua kiwandani walimshuku. Hajui kwamba na wewe uliamini. Sikumwambia, na Ikupa hawezi kumwambia, na Mercy nimemfunga kinywa. Anadhani huko kwenu mtandao umekufa. Kila jioni akitoka kwenye mizani anapita hapa uani, anauliza kwa sauti ya chini kama Anord amepatikana, na mimi ninamwambia bado, mnara wao umeanguka. Uongo huu nimeubeba kwa ajili yako, lakini mimi ni mzee na ni mzito. Mpigie yeye kwanza, kabla ya mkeo. Mwambie mnara umesimama. Asijue kamwe.

Ni mimi ninayekupenda ukinuna na ukicheka,
Bibi yako,
Tumpe.